Swichi ya Tatu

Kila Erwin Dreschler alipofungua kompyuta yake, mkewe Lavonne alikuwa na kazi mbili: kushika tochi na kunyamaza. Ya kwanza aliimudu. Katika ya pili, kwa maneno ya Erwin mwenyewe, alikuwa bado mwanafunzi baada ya miaka zaidi ya arobaini ya ndoa.

"Mulika hapa. Hapa, Lavonne! Nataka kuona ubao, sitaki kuona mkono wangu."

"Si ndipo ninapomulika?"

"Unamulika kifua changu. Mungu wangu! Hata nguzo ya taa ya barabarani inajua inamulika wapi."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na tisa, katika chumba chao cha kulia mjini Sheboygan, upepo wa ziwani ukitikisa madirisha. Meza ilikuwa imetandikwa magazeti, na juu ya magazeti imelazwa kompyuta ya rangi ya mchanga, kifuniko kimevuliwa, matumbo nje. Erwin aliinunua wakati bado ni msimamizi wa mitambo ya kuchapa gazeti, na sasa ilikuwa imezeeka kama yeye. Watu wengine wenye mashine za umri ule walikuwa wameshanunua mpya. Erwin hakuona sababu ya kutupa sanduku zima kwa kosa la ubongo. Aliagiza kadi: ubao mdogo wa kutosha kiganjani, umebeba prosesa mpya na juu yake kipande cha bati chenye mapezi ya kupozea joto. Unachomoa kadi ya zamani, unachomeka hii mahali pake, na mzee anaamka kijana.

"Soma," akasema.

Lavonne alibana tochi kwapani na kusogeza kijitabu karibu na miwani. "Kabla ya kuchomeka kadi, weka swichi nne kama jedwali linavyoonyesha. Swichi ya tatu isiinuliwe kwa kadi za aina hii. Ikiinuliwa, mashine itawaka vizuri, kisha itapata joto na kuganda."

Swichi zenyewe zilikuwa kama punje za mchele, zimepangwa pembeni mwa kadi, nusu zimefichwa na yale mapezi. Erwin alizipanga kwa kijiti cha meno, ulimi umemtoka kidogo, kisha akaisukuma kadi kwa vidole gumba viwili mpaka ikaingia na mlio wa kukaa mahali pake. Akawasha. Mashine ikalia mlio wake wa kuamka, kioo kikang'aa, na vitu ambavyo jana vilichukua muda wa kuchemsha yai vikafunguka kabla hujapepesa.

Erwin alipiga makofi peke yake. Alikuwa na furaha kiasi kwamba akamvuta Lavonne kwa mkono wa sweta ili naye aone.

"Tazama. Picha kubwa kuliko zote nilizonazo. Tazama inavyofunguka!"

Picha ilifunguka. Ilikuwa ya Lavonne, usingizini kwenye kiti cha sebuleni, kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi. Meno yake ya bandia yalikuwa kwenye glasi ya maji pembeni. Katikati ya midomo mtu alikuwa amemchomeka kipande cha soseji.

Lavonne hakuwahi kuiona picha ile.

"Umeipiga lini?"

"Sikukuu ya Shukrani, Novemba mwaka jana. Ulikuwa unakoroma mpaka glasi zinagongana kabatini."

"Na hiyo soseji?"

"Soseji ni yangu. Niliila baadaye." Alicheka mpaka akakohoa. "Mwaka huu barua ya Krismasi itakuwa ya rangi, ukurasa mzima wa mbele. Ile kadi ya zamani ingezimia kabla haijafika puani."

"Erwin, tafadhali. Usiiweke hiyo."

"Kwa nini?"

"Sina meno."

"Ndiyo inayochekesha, mwanamke!"

Barua ya Krismasi ilikuwa mali ya Erwin. Kila Desemba aliandika kurasa mbili za habari za nyumbani na kuzituma kwa ndugu wote, kwa majirani, kwa wastaafu wa gazetini, na kwa kila jina lililokuwa kwenye orodha ya washirika wa kanisa lao la Kilutheri. Watu waliisubiri. Erwin alikuwa na kalamu ya kuchekesha, na aliyechekesha ndani yake alikuwa daima mtu mmoja. Mwaka mmoja Lavonne alikuwa ameingia kwenye gari la mtu mwingine nje ya duka na kuanza kumfokea dereva. Mwaka mwingine alikuwa amefeli mtihani wake wa kwanza wa kuendesha gari kwa kumgonga mtahini kwa mlango. Mwaka uliopita ilikuwa habari ya harusi ya mpwa wao, ambapo Lavonne alicheza dansi ya polka, akacheka, na mkojo ukamponyoka mbele ya meza ya bibi harusi. Hilo lilitokea kweli. Alilia chooni saa nzima, na Erwin alikuwa amemfunika kwa koti lake na kumpeleka nyumbani bila neno. Alidhani limeishia pale. Desemba akalisoma kwenye barua, pamoja na watu wengine wote: *Lavonne alicheza mpaka mvua ikanyesha ukumbini.*

Jumapili iliyofuata, wanaume wa sauti nzito kwenye kwaya walimwachia njia kwa heshima za mzaha. "Pita, Lavonne, pita. Njia ya msalani iko wazi." Hawakukoma mpaka Pasaka. Akaacha kwaya, akamwambia mchungaji koo linamsumbua. Ardelle, mke wa mchungaji, alimshika bega mlangoni. "Usiweke moyoni, mpenzi. Tulicheka tu. Mumeo ana kipaji jamani!"

Jumamosi baada ya kadi kuchomekwa, Erwin alikwenda kununua soseji za kuchoma na, kama kawaida yake, kupitia bia mbili kwa rafiki. Kompyuta aliiacha wazi mezani, maana alipenda kuiona kadi yake. Lavonne alitoka jikoni na birika la maji ya kahawa. Alisimama juu ya mashine, mvuke ukimpanda usoni, na mkono ulikuwa umeshaanza kuinama. Kisha akafikiri. Akiimwagia, Erwin atajua. Atanunua nyingine, na picha ataipiga upya.

Akaweka birika chini. Akachomoa pini kwenye nywele zake, akainama, akaisukuma swichi ya tatu juu. Ilifanya mlio mdogo sana. Akarudisha pini nyweleni na kwenda kumenya viazi.

Jioni ile Erwin aliwasha mashine, ikalia vizuri, ikafunguka vizuri, na alipokuwa katikati ya sentensi ya kwanza ya barua ikaganda. Kipanya hakikwenda. Akazima, akangoja, akawasha. Ikafanya kazi, ikaganda tena.

"Lavonne! Tochi!"

Zilifuata siku za tochi. Erwin alichomoa kadi na kuisugua miguu kwa kifutio cha penseli, akaichomeka tena. Akatoa vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja na kujaribu kila kimoja peke yake. Akabadilisha betri ndogo ya ndani. Akabonyeza kitufe chekundu cha kuusahaulisha ubao mipangilio yake yote. Akafuta mafaili ya zamani aliyoyashuku. Kila mara mashine iliamka, ikampa matumaini ya muda wa kikombe kimoja cha kahawa, ikaganda. Lavonne alimulika na kusoma.

"'Kadi ikiwaka kisha ikaganda,'" alisoma kwa sauti tambarare, "'kagua kwanza swichi.'"

"Ruka hiyo. Swichi niliziweka mimi."

"Lakini wameandika kwanza..."

"Nimesema ruka! Wameandika hivyo kwa ajili ya watu kama wewe."

Lavonne akaruka. Alifungua ukurasa uliofuata, na tochi haikutikisika hata kidogo.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi Erwin alipakia mashine garini, akaipeleka kwenye chama cha wenye kompyuta, waliokutana chini ya maktaba ya mji. Lavonne alikwenda naye, kwa sababu wake walileta keki. Mwenyekiti alikuwa Verlyn Haack, daktari wa meno mstaafu, mtu mwembamba aliyekuwa bado anatembea na kile kioo kidogo cha kuangalia magego. Erwin na Verlyn hawakupendana. Kwa miaka mingi Erwin ndiye alikuwa anawafundisha wengine, na hakuwa mwalimu mpole. Verlyn mwenyewe aliwahi kuitwa kichwa cha plasta mbele ya wote.

Verlyn aliingiza kioo chake chini ya mapezi ya kadi. Akangoja wote wasogee.

"Bwana Dreschler," akasema, "mgonjwa wako ana jino limeota juu."

"Jino gani?"

"Swichi ya tatu. Kijitabu kinasema nini kuhusu swichi ya tatu? Au hukununua na kijitabu?"

"Niliishusha. Niliishusha mwenyewe!"

"Basi imepanda yenyewe. Imechoka kukaa chini." Watu wakaanza kucheka. "Mwaka elfu mbili utafika, Erwin, dunia nzima inaogopa kompyuta zitazimika, na wewe yako tayari umeshaizima."

Erwin aliiva shingo mpaka masikioni. Garini Lavonne alikaa na sahani tupu ya keki mapajani, na usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu barua ya Krismasi iliyopita.

Erwin akaenda kuwinda paa, kama kila mwaka, na aliporudi mashine ilikuwa imeanza tena kuganda. Swichi hakuigusa, kwa kuwa alijua Verlyn ameshaishusha. Alirudia yote: kifutio, kumbukumbu, betri, kitufe. Akairudisha kwenye chama, na Verlyn hakuhitaji hata kukaa. "Ya tatu," alisema akiwa amesimama, kioo mkononi. Halafu akaleta boksi lililofungwa kwa karatasi ya zawadi. Walikuwa wamejiandaa. Ndani mlikuwa na kompyuta ya plastiki ya watoto, yenye vitufe vya rangi. Verlyn akabonyeza kimoja na ng'ombe akalia.

"Hii haina swichi, Erwin. Hata ukitaka kukosea, huwezi."

Chumba kililipuka kwa kicheko. Na katikati ya vicheko vyote kulikuwa na kimoja cha juu, chembamba, kisichokwisha, na Erwin akageuka kukitafuta. Kilikuwa cha mkewe. Lavonne alikuwa ameshika ukingo wa meza ya keki, machozi yanamtiririka. Mumewe alimtazama kwa mshangao tu, kama mtu aliyepigwa na mtu asiyemjua.

Tangu hapo Erwin alianza kukagua. Kila alipomaliza kazi alizima, akafungua, akamulika mwenyewe na kuhesabu kwa sauti: "Moja chini. Mbili juu. Tatu chini. Nne chini." Kisha akaenda kuoga. Lavonne alisubiri asikie maji, akachomoa pini nyweleni. Akarudi jikoni, akachukua bakuli na kuanza kukoroga unga.

Maji yalipokoma alisikia kifuniko kikifunguliwa tena.

"Lavonne."

"Unasemaje?"

"Hakuna."

Hakumwuliza. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, lakini wazo lile halikumjia, kama ambavyo lisingemjia wazo la kushuku friji. Huyu alikuwa mwanamke asiyeweza kurekebisha saa ya deki ya video. Basi kama si yeye, na si kadi, aliyebaki ni mtu mmoja.

Erwin alikuwa na hofu moja ambayo hakuitaja kwa mtu. Baba yake, mzee Reinhold, alimaliza siku zake akiwapelekea chakula kuku waliokwisha kuchinjwa miaka ishirini nyuma. Februari moja alitoka na nguo za kulalia, wakamkuta kando ya reli. Erwin ndiye aliyemkuta. Lavonne alilijua hilo, maana ni yeye aliyemvua Erwin buti siku ile, mikono yake imekufa ganzi. Sasa aliona hofu ile ikipanda usoni mwa mumewe kila alipomulika ile safu ya punje za mchele, na hakuacha.

Akagundua kwamba hata mashine haihitajiki.

"Tunakula nini leo?" Erwin aliuliza.

"Umeshaniuliza hilo."

"Nimeuliza?"

"Mara mbili, mpenzi."

Hakuwa ameuliza. Alishusha macho kwenye mikono yake na kusema, "Samahani." Lavonne hakukumbuka lini mara ya mwisho alisikia neno lile kutoka kinywa kile. Lilimpanda kichwani kama pombe. Kesho yake funguo za gari zilionekana ndani ya kopo la unga. Keshokutwa miwani ya Erwin ilikuwa kwenye friji, juu ya siagi. "Usijali," alimwambia, akiifuta kwa aproni. "Mtu yeyote anaweza kusahau." Alikuwa anaimba jikoni siku hizo. Erwin alimsikia akiimba na kudhani anajikaza kwa ajili yake.

Daktari alimpa kalamu, akamwambia achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mkono wa Erwin ulitetemeka kwa woga hata duara lenyewe likawa kama kiazi, na mishale yote miwili akaielekeza kwenye kumi. Daktari alisema inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa, inaweza kuwa msongo tu, arudi baada ya miezi sita wapime tena. Erwin alisikia nusu ya kwanza. Kwenye maegesho alimkabidhi Lavonne funguo, akazunguka upande wa abiria na kukaa, mikono katikati ya magoti.

Krismasi ikapita bila barua. Watu walijua maana yake. Kinyozini Verlyn Haack alikuwa na mchezo mpya: "Mkikutana na Erwin, mwulizeni jina la mkewe. Akimaliza kulikumbuka, foleni yote itakuwa imekwisha." Wakacheka, kama walivyokuwa wamecheka siku zote. Wanawake wa kanisani wakaleta mabakuli ya makaroni na nyama ya kusaga, wakayaweka mlangoni yakiwa na majina yao chini kwenye plasta. Ardelle alimkumbatia Lavonne mpaka mbavu zikauma. "Wewe ni malaika. Sote tunakuona." Wanaume wa sauti nzito walisimama aliporudi kwenye kwaya, na safari hii hawakumtania.

Januari, mchana mmoja wa theluji, Lavonne alimkuta Erwin amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana. Binti yao Janelle alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Green Bay na karatasi za nyumba ya wazee. Erwin mwenyewe ndiye aliyempigia simu.

"Sitaki mtu aje kuniokota relini," alisema. "Afadhali nikae palipo na mlango unaofungwa."

"Hatujafika huko."

"Tumefika. Lavonne, ile picha yako. Ile ya soseji. Nimeifuta." Akageukia kioo kilichozimwa. "Nadhani nimeifuta. Nimetafuta siioni, lakini sina uhakika nilifanya au niliota. Niangalizie. Nisije nikafa imebaki."

Lavonne alisimama pale na kikapu cha nguo kiunoni. Kitu alichokuwa amekishikilia kwa nguvu tangu Oktoba kilimlegea mkononi, na alikitafuta asikione.

"Erwin, huumwi," alisema.

"Usianze."

"Huumwi. Swichi nilikuwa naigeuza mimi. Kila mara. Funguo niliziweka mimi kwenye unga. Hukuwa umeniuliza mara mbili, nilikudanganya."

Erwin alimtazama. Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani, cha kwanza tangu siku ya ng'ombe wa plastiki.

"Wewe? Wewe hujui hata kitufe cha kuiwashia."

Lavonne alitua kikapu. Akafungua kifuniko, akachomoa pini nyweleni, akamwonyesha. Akainua swichi. Akawasha, wakakaa pamoja wakitazama kioo mpaka kipanya kikaganda. Akazima, akaishusha, akawasha tena, wakakaa tena. Mashine ilikwenda na kwenda. Mikono yake ilifanya yote bila tochi.

"Umeona?"

Macho ya Erwin yalikuwa yamejaa maji. Akaushika mkono wake ulioshika pini, akaubusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Janelle azaliwe.

"Umejifunza yote haya," alisema, "ili unitoe hofu."

"Sikujifunza kwa ajili yako! Nilikufanyia kusudi. Nilikuchukia, Erwin. Nilikuwa nasubiri usikike bafuni."

"Lavonne, Lavonne." Alitikisa kichwa kwa upole mkubwa. "Wewe huna chuki. Huna akili ya chuki."

Alirudia kwa maneno mengine, akalia, akapiga meza. Kadiri alivyozidi kusema ndivyo Erwin alivyozidi kumpapasa mkono, akimwambia ameolewa na mtu asiyestahili, na kwamba amekuwa mume mbaya, na kwamba mtu mwingine asingejisingizia hivi. Mwishoni Lavonne akachoka, naye Erwin akamwegemezea kichwa begani.

Jumamosi alijaribu kwa Janelle, jikoni, mlango umefungwa.

"Mama, acha," Janelle akasema. "Baba ameshaniambia utasema hivyo. Ameniambia kila kitu, mpaka ulivyomwonyesha." Naye akaanza kulia. "Mimi nisingeweza kumpenda mtu namna hiyo."

"Janelle, nisikilize. Ni kweli."

"Kujua kuigeuza leo hakumaanishi uliigeuza jana. Mama, daktari amempima. Wewe umempima kwa nini?"

Angeweza kumpigia simu daktari. Angeweza kwenda kwa Verlyn Haack, au kwa mchungaji, akasimama mbele ya Ardelle na kusema amemfanyia nini mumewe, wiki kwa wiki. Alilifikiria hilo akiwa na kitambaa cha vyombo mkononi. Aliufikiria uso wa Ardelle ukibadilika. Alifikiria wale wanaume wa sauti nzito wakikaa chini tena. Kisha akakitundika kitambaa, akaenda mezani, na Janelle alipomwonyesha mahali pa kuweka sahihi, akaweka.

Nyumba ya wazee ilikuwa ya matofali, karibu na bustani ya mji. Erwin alipewa chumba chenye dirisha la mashariki. Pale hapakuwa na mtu wa kumfichia miwani, lakini alikuwa ameshazoea kutojiamini, na kila wiki imani yake ilizidi kupungua. Alisubiri wauguzi wamwambie kama ameoga. Alikuwa anavaa saa mbili, moja kila mkono, na kuwauliza watu ipi ni ya kweli. Wiki ya kwanza ya Machi alimwita muuguzi mmoja kwa jina la mama yake, na Lavonne, aliyekuwa amesimama pale na maua, hakujua tena kama ni woga au ni ule ugonjwa wenyewe uliokuwa unakuja njiani siku zote.

Lavonne alikuja kila Ijumaa, siku ya samaki. Erwin alimnyanyukia kila mara na kumtambulisha upya kwa meza nzima.

"Huyu ni mke wangu. Aliwahi kunidanganya ili nisiogope. Hebu fikirini."

Mabibi wa mezani wakaguna kwa huruma. Mmoja, mwenye blanketi magotini, akamwinamia Lavonne. "Ulimdanganya nini, mpenzi?"

Lavonne alikuwa anamtolea Erwin miba kwenye samaki, akiipanga ukingoni mwa sahani.

"Nilimwambia ni mzima," alisema.

"Masikini," bibi yule akasema, akamshika mkono. "Masikini wee."

Erwin alikula alichokatiwa. Alipomaliza aliuliza kama ameshakula, na Lavonne akamwambia ndiyo, ameshakula, na akamfuta mdomo. Theluji ya mwisho ilikuwa inayeyuka kwenye maegesho. Lavonne aliwasha gari, akatazama nyuma na kutoka kinyumenyume.